Nzi wa Chumba cha Kioo

3 Februari

Dada mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, ila kifua ndicho chenye jambo. Kamera yako imefika; muuguzi ameifuta kwa spiriti akanipitishia kidirishani. Mlango bado unafungwa kwa nje, mwezi wa pili huu. Kifua kikuu sugu hakitaki wageni. Humu tuko wawili: mimi na nzi mfu. Nimempiga picha kwa karibu. Jicho linaonekana, mabawa ukungu mtupu. Nimekosea wapi? Mama umemwambia?

Mdogo wako

11 Februari

Mdogo wangu,

Pole na upweke. Huku studio sote wazima. Hujakosea: kwa ukaribu huo lenzi inaona vizuri unene wa unywele tu. Weka kamera kwenye stendi, anza na uso wa nzi, piga. Sogeza fokasi kidogo mno, piga tena, mpaka mgongoni. Picha thelathini hivi. Nitumie kadi ya kamera, nitaziunganisha kwenye kompyuta, nichukue palipo wazi katika kila moja. Usitikise meza tu.

Mama anajua uko safari ya kikazi. Nimeshindwa kumwambia.

Dada yako

2 Machi

Dada,

Hujambo? Meza ndiyo imenishinda. Nikifika picha ya tisa nakohoa, nzi anahama, naanza upya. Jana nilifika kumi na nne. Sampuli ya makohozi ya mwezi ujao ikiwa safi, natoka.

Mdogo wako

20 Aprili

Dada,

Samahani kwa ukimya. Juzi nilifikisha thelathini na moja bila kukohoa. Nikajiona nimepona. Jana asubuhi daktari alisimama nje ya kioo akasema, "Kikohozi kimepungua, ugonjwa haujaisha. Miezi minne mingine." Nikampa kisogo. Kadi hii hapa. Mimi sipigi tena.

Mdogo wako

29 Aprili

Mdogo wangu,

Nimeziunganisha. Nzi ametoka mzima, hata vinyweleo vya miguu. Mama alinikuta na picha hiyo, akauliza ya nani. Nikamweleza yote. Akasema, "Miezi yote hii mwanangu anaishi na nzi, na wewe unaniambia safari?"

Jumamosi tunakuja. Muuguzi ameturuhusu dakika kumi, nje ya kioo. Usikatae. Mama ameshakwenda kusuka nywele, asije akakutisha kwa uzee.

Dada yako