Mara Nne Zilizobaki Nzambani

Kwako Mama Mwikali,

Barua yako imenifikia hapa Kericho Jumanne. Niliisoma nikiwa kwenye foleni ya kupimiwa majani ya chai, mgongo umelowa. Unaniomba ruhusa uende na kwaya kutembea mpaka jiwe la Nzambani, mtoke asubuhi mrudi jioni. Maneno ni yako, lakini mwandiko ni wa Mwalimu Daudi, huyo anayewafundisha nyimbo. Hukupelekwa shule, sikulaumu. Ila "mume wangu mpendwa" iliyoandikwa na mkono wa mwanamume mwingine inakwaruza. Na najua hii yangu pia, yeye ndiye atakayekusomea.

Naona wivu. Afadhali niseme mapema.

Unakumbuka tulivyoenda wewe na mimi, mwaka ule tuliooana? Tulipanga wiki nzima kama watu wanaohama. Ulibeba isyo kwenye kiondo, mahindi na maharagwe ya jana yake. Mimi nilibeba kibuyu cha maji, nikamwaga nusu kwa kurukaruka juu ya mawe ili unione. Tulipofika chini ya jiwe nikakwambia wanavyosema watu wa kwetu, kwamba anayelizunguka mara saba hugeuka, mwanamke awe mwanamume na mwanamume awe mwanamke.

"Basi twende zote saba," ukasema. "Mimi nitaenda kutafuta kazi mbali, wewe Mutua ubaki na jembe na mama yako."

"Na nikishindwa kupika?"

"Hayo utaongea na mama yako. Mimi nitakuwa kazini."

Tulizunguka mara tatu tukicheka, mvua ikatufukuza. Nikakuahidi zile nne tutazimaliza nikija likizo. Likizo nimekuja nyingi. Kila mara nalala siku mbili, natengeneza paa, narudi. Hujawahi kunikumbusha. Sasa zile nne unaenda kuzimaliza na huyo Mwalimu wa viatu vinavyong'aa. Nimeandika "hapana" kwenye karatasi tatu, nikazichana zote.

Kwa hivyo sikiliza, maana Mwalimu ni mgeni huko, njia haijui. Mtoke kabla jua halijapanda. Vaa akala zako za tairi, vile viatu vya kanisani vitakutoa malengelenge. Msifuate barabara ya magari, inazunguka sana. Shikeni njia ya ng'ombe mpaka mtoni, mchimbe mchanga mpate maji, kila mtu ajaze chombo chake. Kutoka hapo ni kupanda, si kukali, lakini jua litakuwa limewafikia, mpumzike mara mbili. Goti lako la kushoto huuma ukiteremka. Usione haya kusema. Kata fimbo uishike. Nimesema fimbo, si mkono wa mtu.

Mwalimu Daudi, hapa naongea na wewe, na usiruke mstari. Sina ugomvi. Kuwa huko kwetu si kosa lako, na mimi siko huku kwa kupenda. Lakini wewe unamsikia akicheka kila Jumapili, na mimi nimeanza kusahau kicheko chake kinaanzaje. Hicho ndicho ninachokuonea wivu. Sasa endelea kumsomea.

Mama Mwikali, nenda. Nimekupa ruhusa, ingawa si kwa moyo mweupe, usidanganyike. Mwenzangu wa chumba nilimsomea barua yako nikitaka anionee huruma. Akaniambia, "Wewe mzee, wako anauliza. Wangu aliacha kuuliza." Nikaenda kuchukua kalamu.

Kwamba utateleza, siogopi. Wewe kwenye mawe ni mbuzi. Naogopa utarudi jioni umechoka vizuri, umefurahi, unatafuta mtu wa kumsimulia siku nzima ilivyokuwa, na aliye karibu awe ni yeye.

Kaa salama na mtoto.

Mimi mume wako,
Baba Mwikali