Mshale wa Uzi wa Kijani

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, isipokuwa vidole vyangu vina malengelenge. Natumaini barua hii itakukuta unapumua vizuri na kifua kimekupa nafasi. Mama anaendeleaje na goti lake? Na mdogo wangu bado anaficha viatu vya watu? Mwambie huku nimejua gundi. Akiendelea nitavigandisha vyake sakafuni.

Shangazi anakusalimu sana. Anasema nikuulize kama siku hizi unajua kufunga kamba za viatu, maana mlipokuwa watoto zilikuwa zinakufuata nyuma kama mikia. Mimi simo, Baba, nimetumwa tu.

Najua unasubiri jibu. Tulikubaliana nikae kwa Shangazi mpaka mashindano ya kulenga shabaha yapite, kisha nirudi kushika ile nafasi kwenye duka la vioo la rafiki yako, ambaye hatanisubiri milele. Jibu ninalo, ila naomba unisikilize kwanza. Kwa mdomo nisingeweza. Unanijua: mgeni akinisalimu, naviitikia vidole vyangu vya miguu.

Chumba cha kazi kiko nyuma ya nyumba. Kina dirisha moja na meza ndefu, kinanukia nta, na karibu na dirisha kuna mizani ndogo kama ya mfua dhahabu. Upande mmoja Shangazi anaweka mshale wa kipimo anaouita Mama, na upande wa pili kila mshale mpya. Ulio mwepesi anaulisha: anauzungushia waya mwembamba wa shaba nyuma ya chembe, yaani ile ncha ya chuma, mpaka mizani itulie. Ulio mzito anaunyoa kwa kipande cha kioo. Anasema mishale ya podo moja, yaani mfuko mmoja wa mishale, ni kama watoto wa nyumba moja, sura zitofautiane lakini adabu iwe moja. Nimemtazama akinyoa, akipuliza vumbi, akipima, akinyoa tena, bila kunung'unika. Mimi hata kitunguu nakimenya kwa malalamiko.

Lakini kazi anayoiheshimu kuliko zote ni mkato wa kule nyuma, pale mshale unapouma ugwe, ile kamba ya upinde. Chembe ikiwa mbaya, umekosa shabaha tu. Mkato ukipasuka wakati ugwe umevutwa, nguvu yote inaurudia upinde, nao unaweza kuvunjika mbele ya uso wako. Na upinde anaotumia ni wa Babu, pacha wa huo ulioko juu ya mlango wa sebuleni kwetu. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kumkatia mkato.

Siku aliyonipa msumeno nijifunze, nilikata kwa kufuata nyuzi za mti, na mti ukapasuka mkononi mwangu. Nikasubiri kufokewa. Akasema tu kwamba mti haukuwa na nia ya kupasuka, mimi ndiye niliyeuonyesha njia. Akanifundisha kukata kwa kukingama nyuzi, kisha kuzungushia uzi wenye nta chini ya mkato, mzunguko ukigusa mzunguko, na kuufukia mwisho wa uzi chini ya mizunguko yenyewe. Nilipotaka kupiga fundo aliniambia fundo ni uvivu uliovimba.

Halafu kuna kipimo. Upinde unalazwa juu ya vigingi viwili vya ukutani, na mshale unaning'inizwa kwenye ugwe, chembe ikitazama chini. Lazima ujishikilie wenyewe. Ukigonga ugwe kwa kidole, kama unayebisha mlango wa mgonjwa, uachie. Ukianguka kabla, mkato umelegea. Ukigoma, umebana. Mishale yangu ilianguka na kugoma kwa zamu mpaka mmoja ukakubali. Uzi mwekundu ulikuwa umekwisha, nikaufunga kwa masalio ya uzi wa kijani. Kwa furaha nikaulisha shaba kupita kiasi. Kwenye mizani ukamrusha Mama juu kama mtoto kwenye bembea. Shangazi akacheka, akautupa kwenye kapu la kuni. Nikajua ndiyo mwisho wake.

Jumamosi yakawa mashindano, kwenye kiwanja nyuma ya kiwanda cha matofali. Mimi nilibeba podo. Kuna fundi saa mmoja ambaye yeye na Shangazi wametaniana miaka mingi. Mbele ya watu akasema mishale ya Shangazi ni mizito kama miiko, heri akasongee nayo. Shangazi akamjibu kwamba mwiko hufika chunguni kila siku, lakini saa anazotengeneza yeye hazijawahi kufika mchana. Watu waliangua kicheko. Mimi nilicheka nikiwa nimejificha nyuma ya podo.

Mwisho walibaki wao wawili, wamelingana, kila mtu na mshale mmoja. Hapo upepo ukaanza kukata kiwanja na vumbi jekundu likapanda. Fundi saa akatangulia. Mshale wake mwepesi ulianza vizuri, upepo ukausukuma, ukachoma ukingoni mwa shabaha.

Shangazi akapitisha mkono kwenye podo nililoshika, akachomoa mshale. Nikaona uzi wa kijani.

Baba, nilifungua mdomo nipige kelele na sauti haikutoka. Ugwe ulikuwa tayari umegusa shavu lake, na upinde wa Babu umepinda mpaka nikausikia ukilia. Akainua mkono juu kidogo kuliko kawaida, kwa kuwa mshale mzito huinama njiani, akaachia. Ulikwenda kwa utulivu, kama mama mtu mzima anayevuka barabara, na upepo haukuufanya kitu. Ukatua katikati.

Fundi saa mwenyewe alikwenda kuuchomoa. Akaugeuza, akautazama mkato kwa jicho lake la kazi, akauliza nani kaukata. Shangazi akaninyooshea kidole. Nikaviitikia vidole vya miguu.

Njiani nilimwambia kwamba nilitaka kumzuia. Akasema anashukuru haya zangu zimefaa walau mara moja. Kumbe asubuhi aliiona miti ikitikisika, akajua siku ingetaka mshale mzito, akautia podoni. Nikamuuliza, na mkato je? Akasema aliuokota kapuni siku ileile aliyoutupa, akauning'iniza kwenye ugwe, na kila alipopita aliugonga. Haukumdanganya. Na yeye, alisema, haweki shavu lake karibu na kazi ya mtu asiyemwamini.

Jibu langu ndilo hili, Baba: naomba ruhusa yako nibaki hapa nijifunze kazi hii.

Dereva wa lori la matofali atakuletea barua hii pamoja na mshale wenyewe. Tafadhali shusha upinde wa Babu, uufunge ugwe, uuning'inize mshale huu. Ukianguka kabla hujaugonga, niandikie, nitafunga mizigo nije dukani bila neno. Ukikingoja kidole chako, mwambie rafiki yako atafute mtu mwingine.

Mpe Mama pole ya goti, na mdogo wangu umfinye sikio kwa niaba yangu. Shangazi anasisitiza ugonge polepole, maana mkono wako anaujua.

Mimi binti yako,
Bi Kimya