Misa ya Baba, Makofi ya Vienna

Hinterbach, 16 Mei 1927

Mwanangu Leonhard,

Salamu nyingi sana. Sisi hatujambo, ila mikono yangu bado inatetemeka, na padri ameshapata mpiga kinanda mwingine. Pentekoste ndiyo misa yangu ya mwisho. Nitapiga nyimbo za misa nilizozitunga mwenyewe, na noti ya juu ya sauti yako ya tenori hapa hakuna anayeifikia isipokuwa wewe. Korbinian mchinja nyama alijaribu, mbwa wa kijiji kizima wakaitika. Uje, mwanangu.

Habari za opereta, hiyo michezo ya kuimba na kuchekesha jukwaani huko Vienna, nimezisikia. Sina hasira. Anayeuliza ni mama yako: eti ni kweli unaimba huku umezungukwa na wanawake wenye manyoya kichwani?

Baba yako

Vienna, 20 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo, wewe na Mama. Mimi mzima. Mwambie Mama kwamba manyoya ni kweli.

Naona aibu, Baba. Ulinifunza nyimbo za Mungu tangu utotoni, na leo nasifiwa kwa kuiimbia glasi ya mvinyo. Lakini nitakuja. Jumamosi onyesho likiisha nitapanda treni ya mwisho, na alfajiri nitabisha hodi. Nakuahidi.

Mwanao

Vienna, 6 Juni

Baba,

Shikamoo. Mikono inaendeleaje? Sijui nianzie wapi. Jumamosi koo lilinikauka ghafla, sauti ikakatika, daktari akanikataza kusafiri. Nisamehe. Nani aliimba sehemu yangu? Niambie tu, hata kama ni habari mbaya.

Mwanao

Hinterbach, 13 Juni

Mwanangu,

Sisi wazima, namshukuru Mungu. Hakuna aliyeimba. Ilipofika sehemu yako nilipiga kinanda peke yake, nikawa nageuka kutazama mlango, vidole vikakosea.

Barua yako ilipofika, mama yako aliipeleka kwa padri. Jana kanisa zima lilipiga magoti kuliombea koo lako, hata Korbinian.

Leo asubuhi Kreszenz, mke wa mwoka mikate, karudi kutoka kwa dada yake huko Vienna. Kanikimbilia barabarani: "Mzee, mwanao atatuua! Jumamosi ile ya kuamkia Pentekoste tumemrudisha jukwaani mpaka viganja vinaniwaka! Tukisema 'Tena!' anarudi, anacheka, anaimba upya! Na aliyepiga kelele kuliko wote ni mimi!"

Nilimwomba asimwambie mama yako. Akauliza kwa nini. Nikasema nataka kumpa habari hiyo tamu mimi mwenyewe. Uzee huu, ndiyo kwanza najifunza uongo.

Najua desturi ya huko: watu wakiomba tena, mwimbaji hakatai. Lakini treni haingoji makofi, na wewe ulilijua hilo ulipokuwa unacheka.

Usiniandikie kukiri. Barua zako mama yako ndiye anayezifungua, kisha huwasomea majirani. Amekutumia chupa ya asali aliyoichemsha na majani ya dawa. Inywe yote, halafu umwandikie kwamba maombi yake yamekuponya.

Baba yako