Mwendo wa Mwalimu Akwilina

Jumatatu, 8 Julai 1996
Mafurushi ya pamba tena. Mgongo hauna nafuu. Ushirika umeuza kinu cha kuchambulia pamba, na tajiri mpya anataka karani wa mizani anayejua Kiingereza. Mtihani Jumamosi. Naitaka kazi hiyo. Msimu mwingine wa kubeba siuwezi. Masanja, tunayebeba pamoja, anaitaka pia. Yeye kwao Lagangabilili, hapo tu. Mimi Newala, mbali kusini.

Jumanne, 9 Julai
Masanja kaazima kitabu cha sarufi. Chagua: slow au slowly, good au well. Tulibahatisha. Ndipo nikamkumbuka Mwalimu Akwilina, darasa la sita. Alitutoa darasani hadi uwanjani, akataja neno, nasi tukatembea hivyo. Slowly. Carefully. Kwa fast tulikimbia, akasema hilo halibadiliki, haliongezwi -ly. Mama yangu alipita na ndoo, akauliza kama tumeugua. Nimeikumbuka hata harufu ya mikorosho.

Alhamisi, 11 Julai
Leo nilitaja neno, Masanja akabeba hivyo. Slowly. Wenzetu wakafuata, mstari mzima ukajikokota. Sijacheka hivyo tangu nije huku. Msimamizi akadhani tumegoma. Tangu kinu kiuzwe wanaogopa mgomo. Kesho tunaitwa ofisini, mimi na Masanja. Tutafukuzwa. Naogopa.

Ijumaa, 12 Julai
Msimamizi alifoka mbele ya meneja. Masanja akamjibu taratibu, "Mgomo haupo, mzee. Huyu ananifundisha. Kama ni kosa, aliyekuwa anatembea ni mimi."
Akaambiwa basi atembee. Akatembea mbele ya meza, mikono kichwani kama amebeba furushi. Carefully. Meneja akataja neno lake mwenyewe, quickly. Masanja akalitembea. Meneja alicheka mpaka akavua miwani. Tumesamehewa. Nilishukuru, na wivu ukaniingia papo hapo. Aliyeonekana ni yeye.

Jumapili, 14 Julai
Jana kwenye mtihani niliandika vizuri. Najua. Kazi kapewa Masanja. Wanaoleta pamba ni Wasukuma, wazee wengi Kiswahili kinawapiga chenga. Karani lazima aelewane nao, na Masanja ni Msukuma mwenzao. Ni kweli. Imeniuma hata hivyo.
Jioni alikuja na michembe ya mkewe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Tulikula. Mwisho akasema, "Nkoi, rafiki yangu, mgongo wako nauona. Nimekuombea kazi ya kushona magunia ya mbegu. Wamekubali."
Nilimsogezea sahani.
Kesho nitafanya kazi nimekaa.