Mbuzi Amekula Dunia Yangu

Jumapili, jioni. Joto la leo Bariadi halisemeki. Wingu lililosimama upande wa Sapiwi tangu asubuhi limejiondokea bila hata tone. Afadhali lenyewe limeondoka. Wivu wangu bado upo.

Nauandika hivyo hivyo, wivu, maana Mungu ameshauona.

Miaka yote nafundisha Shule ya Jumapili kwa kitambaa nilichoshona mwenyewe. Ni kaniki nyeusi, jua la kitenge cha njano, nyota za pamba ya shambani kwetu. Nikifika siku ya nne ya uumbaji nakikunjua, watoto wote "Yaaa!"

Halafu akaja Neema, mwalimu wa sekondari aliyehamishiwa hapa kutoka Moshi, akaomba kunisaidia darasani. Binti mpole, anapenda nyota kupita kiasi. Akapakua mtandaoni mabango ya jua na sayari, ya bure kabisa, akayachapisha kwa rangi, akayatundika juu kwa kamba. Zohali na pete yake utadhani bibi harusi. Watoto wakaniacha na kitambaa changu mkononi. Hata Kabula, niliyemzaa mwenyewe: "Mama, jua la mwalimu lina madoa kama la kweli. Lako halina."

Jua langu halina madoa!

Nikakifungia kitambaa sandukuni. Nikamwambia Kabula anipakulie na mimi mabango hayo hayo, nikachapisha makubwa kuliko ya Neema. Jana nikayabandika ukutani kwa uji mzito wa mhogo, kama tunavyobandika magazeti nyumbani. Kamba za Neema niliziona kazi ya watu wa mjini.

Mlango wa darasa haufungi vizuri. Leo tumekuta mbuzi wameramba ukuta mzima. Mshtarii kabaki nusu, Dunia haipo kabisa. Ya Neema yanapepea kule juu, mazima.

"Mbuzi amekula dunia ya mama Kabula!" Watoto walicheka mpaka wakakaa chini.

Neema hakucheka. Hilo ndilo limeniuma zaidi.

Wakati wa maombi nilimwomba Mungu amrudishe Moshi. Nikatubu. Nikaomba tena.

Baada ya ibada akanifuata. "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba huku natafuta viatu ambavyo nilikuwa nimevivaa.

"Mama, kile kitambaa kiko wapi?"

"Kimepumzika."

"Holo anakiulizia kila Jumapili. Mabango yangu kwake ni karatasi tu."

Holo ni binti wa darasani kwetu asiyeona. Alizoea kukaa mbele, anapapasa nyota zangu moja moja, akifika kwenye jua anaacha kiganja hapo. Nilipofunga sanduku sikumkumbuka hata kidogo. Nilikuwa namwangalia Neema.

"Nishonee sayari, mama. Mimi hata kifungo kinanishinda."

Nikafurahi kwamba kinamshinda. Ndivyo nilivyo leo, siwezi kujipamba.

Kitambaa nimekitoa, kinanukia dawa ya nondo. Kesho naanza na Zohali. Pete nitaisokota kwa pamba, nene, ili vidole vya Holo vizunguke bila kupotea. Je, nashona kwa ajili ya Holo, au ili Neema aone? Nimejiuliza tangu mchana.

Jina langu nitalishona pembeni. Dogo tu. Lakini la kupapasika.