Namba ya Lori Lililokuchukua

Kwako kaka Magesa,

Tangu upande lile lori pale Bunda sijakuandikia hata mstari mmoja, kwa kuwa sikujua barua niipeleke wapi. Hata leo sijui. Ila jana baba mdogo alikuja na wazee wa ukoo, wakakaa, wakamaliza uji wangu wote, ndipo wakaniuliza: tuendelee kukungoja, au tukuhesabu na waliokufa? Wananiuliza mimi kwa sababu ndiye niliyekuona wa mwisho. Nikawaomba wanipe mpaka leo jioni. Walipoondoka niliosha vikombe. Nilitegemea kulia, sikulia. Moyo umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Nianze na yale unayoyajua, maana hayo ndiyo mepesi.

Unaikumbuka nyumba yetu ya Manyamanyama, ilivyokuwa karibu na barabara hadi vumbi la malori likawa kitoweo cha pili? Uhuru ulikuwa bado mpya. Wewe ulikuwa shuleni. Mimi nilikuwa nimefikia umri wa kwenda, lakini baba alisema mtoto wa kike angoje kwanza pamba iuzwe. Pamba ikauzwa, nikaambiwa ningoje tena. Ukaamua kunifundisha mwenyewe, na kwa kuwa hukutaka nikiguse kitabu chako kwa mikono yenye mafuta ya samaki, ulinifundishia pleti za magari.

Malori ya pamba yalipanga foleni kuelekea jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, nasi tulikaa kwenye ukingo wa mtaro tukiyasoma. Ulinionyesha kwamba herufi za mwanzo zinasema gari limeandikishwa mji gani, na namba zinazofuata ni zake peke yake, hakuna gari jingine linalokuwa nazo. Hilo la mwisho lilinishangaza kuliko yote. Pale mtaani wasichana walioitwa Bhoke walikuwa tele, ukiita mmoja wanageuka wote, lakini lori bovu lisilo na mlango lilikuwa na jina lake peke yake.

Masika yalipoingia barabara iligeuka tope, magari yakaadimika, na shule yangu ikafungwa. Ndipo ukaleta makopo. Uliokota vizibo vya soda dukani, ukavichora kwa msumari herufi za miji na tarakimu, kopo moja likawa la miji na jingine la tarakimu. Sheria yako ilikuwa fupi na ulinikaririsha mpaka nikachoka: mji mmoja, tarakimu nne, kila kizibo kikishasomwa kirudi kopo lake, sifuri isitangulie. Basi. Kwa sheria hiyo tulitengeneza magari ya Mwanza, ya Arusha, ya Tanga, ya Dar es Salaam ambayo hatukuwahi kuiona, hata ya Nairobi ulipotaka kujidai. Mimi nilitikisa, nikachomoa, nikasoma. Wewe ulisema gari limebeba nini na nani anaendesha. Magari yote ya Tanga yalibeba katani, hata nilipokubembeleza angalau moja libebe vitenge. Siku moja nilichomoa sifuri mwanzoni nikataka kuipitisha kimyakimya, ukaniona.

"Rudisha," ulisema. "Gari ya hivyo haizaliwagi."

Baadaye baba alifariki, operesheni ya vijiji ikatuhamishia huku Buswahili, nawe ukawa mtu mzima mwenye plau na kelele za mikutano. Ulikuwa wa kwanza kufika shamba la kijiji na wa kwanza kulalamika kwamba wengine hawajafika. Mimi nikaingia ngumbaru, kisomo cha watu wazima, na akina mama wenzangu. Mwalimu alishangaa kunikuta najua kusoma, akauliza nimesoma shule gani. Nilicheka tu.

Vita vya Kagera vilipoanza ulikuwa mgambo, kwa hiyo uliitwa. Serikali ilichukua hata malori ya watu binafsi, mkakusanywa Bunda, kwenye uwanja ambako zamani malori yalingojea pamba. Mama alikuwa na homa, nikaja mimi na kifurushi chako cha michembe ya viazi. Wenzako wa kijiji walikuwa wamepangiwa malori mengine, wewe ulikuwa umepanda na watu usiowajua. Uwanja mzima ulikuwa sauti za watu wakiita watu wao. Ulipokea michembe ukiwa juu tayari, ukainama.

"Soma pleti," uliniambia. "Gari hii ikirudi, mtafute dereva. Madereva wanajuaga walipoacha watu."

Nikakwambia nimeisoma, na nilikuwa nimeisoma kweli. Nilirudi nyumbani nikiitamka njia nzima: herufi za Mwanza, nne, tisa, sifuri, saba. Nilimpa mama namba hiyo hata kabla hajaniuliza kama ulikuwa umekula.

Vita vikaisha. Waliorudi walirudi, na wasiorudi majina yao yaliletwa. Wewe hukurudi, na jina lako halikuletwa. Kila tulikouliza tuliambiwa tungoje, neno ambalo mimi nilishalizoea tangu utoto. Ndipo mama na mimi tukaenda Musoma kwa karani wa kuandikisha magari, tumtafute yule dereva. Karani alikuwa mtu mpole. Alituketisha kivulini, akaingia ndani kuulizia Mwanza kwa simu, akakaa huko mpaka jua likawa kali. Alipotoka alisema hakuna gari la namba hiyo, wala halijawahi kuandikishwa. Nilimwomba aangalie tena. Akaenda kuangalia tena.

Tulikwenda kukaa ziwani, karibu na wanaouza sato, maana hatukuwa na pengine pa kungojea basi. Pale ndipo nilipokumbuka. Nne, tisa, sifuri, saba ilikuwa pleti ya kwanza niliyoisoma peke yangu bila wewe kunidokeza, na ilitoka kwenye kopo. Ulisema lori hilo limebeba madawati ya shule ya wasichana, na dereva wake ni mimi. Siku ile Bunda macho yalisoma pleti ya kweli, lakini kichwa kikashika ile niliyoipenda. Hiyo ya kweli nimeitafuta kichwani mwangu miaka yote hii. Haimo.

Nilimwambia mama palepale. Hakukasirika, na ningeona afadhali angekasirika. Basi lilipokaribia kujaa akaniambia bila kunitazama.

"Niandikie hiyohiyo. Siwezagi kungoja kitu hakina namba."

Nikamwandikia ukutani kwa mkaa. Mama huyo, ambaye ngumbaru ilimshinda, akazijua tarakimu zile kuliko jina lake mwenyewe. Siku za mnada alikwenda Butiama, akakaa panapopita magari, akawa anatazama pleti ya kila lori kwanza, ndipo atazame dereva. Mwanzoni nilimkataza. Baadaye nikawa nakwenda naye, tunakaa, tunatafuna karanga. Nilijua kwamba lori lile halipo duniani, na bado kila moja lilipokuja nilinyoosha shingo. Sijui hali hiyo inaitwaje. Haikuwa tumaini, maana tumaini nalijua.

Mama tumemzika kabla ya mavuno haya. Tangu hapo siendi tena Butiama siku za mnada. Nalima, napika, najibu salamu. Wanawake wananisifia kwamba nina moyo wa kiume, nami nawaacha waseme. Nakukosa, kaka, lakini nakukosa bila machozi, na hilo linaniogopesha kidogo.

Sasa jioni inakaribia, na jibu langu ni hili. Nitawaambia wachimbe, pembeni ya mama. Si kwamba nimejua umekufa. Sijui, na nimechoka kuwa mtu pekee anayeulizwa. Baba mdogo anasema kaburi haliwezi kufukiwa tupu, kwa hiyo nitawapa shati lako la kijani, ndilo pekee lililobaki. Nimelifua leo na kulipiga pasi.

Kama uko hai mahali fulani, na siku moja ukaja ukakuta jina lako pale, usikasirike, wala usinigombeze mbele za watu. Ingia ndani kwanza. Nitakupa maji unawe, nitasonga ugali, tutakula. Ukishashiba tutachukua jembe, wewe na mimi, tulifukue shati lako, nilifue tena, ulivae.

Nenda salama, au rudi salama. Lolote kati ya hayo nimelipokea.

Ni mimi,
mdogo wako wa kike