Rubani Selu Hajarudi Katika Kitabu cha Tisa

Jumatano, 2 Julai

Sketi tatu za kwaya zimekwisha. Ya nne nimekosea marinda, nimefumua. Mikono inauma.

Alasiri nimemsomea baba mkwe sura ya pili. Ni kitabu cha tisa cha Wana wa Chombo, hadithi za watu wa chombo cha angani. Nilikiona Kasulu juzi nilipofuata vitenge, kwenye duka la madaftari, kimelala chini ya kalenda. Nilikuwa nimeshakata tamaa kwamba kitatoka.

Mimi nasoma Kiswahili kimoyomoyo, kisha namweleza kwa Kirundi, maana Kiswahili cha vitabuni humpita, na macho yake yana mtoto wa jicho. Anasikiliza ameinamisha kichwa kama yuko kanisani.

Sura ya pili haina kitu. Injini, injini, injini. Mwandishi amechoka, au ameamua kutuchosha sisi. Mwishoni baba mkwe aliuliza swali lake la kila siku. Selu ameonekana?

Hajaonekana.

Ijumaa, 4 Julai

Vitabu hivi ni vya mume wangu, Nestori. Alianza navyo sekondari. Alikuwa katikati ya cha tano alipovuka mpaka wa Mabamba kwenda Burundi kuangalia shamba la babu yake. Alisema wiki mbili. Ni miaka sita sasa. Simu hakuna, kaburi hakuna, aliyemwona hakuna.

Nilikimalizia mimi hicho kitabu. Ndimo Rubani Selu anatoka nje ya chombo kutengeneza mlingoti wa redio, maadui wanatokea, chombo kinakimbia na yeye amebaki huko gizani, kwenye nyota. Tangu hapo Kapteni Zuhura ameagiza jina la Selu liitwe redioni kila asubuhi. Nilimsimulia baba mkwe ili nimtoe mawazo tu. Akashika hapo hapo, ikabidi nimsomee vyote tangu cha kwanza. Mzee ambaye hakuwahi kujali kitabu zaidi ya Biblia, leo anawajua watu wa chombo kuliko mimi.

Leo tumecheka kidogo. Fundi Dodo alikatwa mkono wa kushoto kwenye kitabu cha nne, tulimlilia. Sura ya nne ya hiki anamkumbatia mkewe kwa mikono miwili. Baba mkwe akanisimamisha. Mkono umeota? Nikarudia mstari. Miwili. Alicheka mpaka akakohoa. Mama mkwe alikuwa anapepeta maharage pembeni, akasema anashangaa watu wazima kuhangaikia mkono wa mtu asiyekuwepo.

Jumapili, 6 Julai

Baada ya misa mama mkwe ameanzisha tena. Kiangazi ndio hiki, tuganduke. Pombe ipikwe, ndugu waje, msiba uondolewe, watu waendelee na maisha. Baba mkwe akajibu kwamba msiba ambao haujaingia ndani hauwezi kutolewa. Akachukua fimbo yake, akaenda kukaa nyuma ya nyumba.

Mimi sina sauti katika jambo hilo. Mkwe hasemi. Lakini hapa naandika mwenyewe. Bila kuganduka mimi si mke wala si mjane. Ni kama sketi iliyokatwa ikaachwa bila kushonwa. Nina miaka thelathini na mbili. Nimechoka.

Kuna Anatoli wa Kasulu, anayenitengenezea cherehani. Ameniuliza mara mbili kama nitakubali kuolewa naye. Mara zote nimemwambia mimi ni mke wa mtu. Aliitikia kwa heshima, hakuuliza mtu yupi. Afadhali angeuliza.

Hatukujaliwa mtoto. Kinachonishikilia Kitahana ni hawa wazee wawili. Nawapenda. Hilo nalo niliandike, nisije nikajifanya naonewa.

Jumanne, 8 Julai

Nimesoma mbele peke yangu. Tulikubaliana nisifanye hivyo, lakini mchana huu mteja alichelewa na kitabu kilikuwa mezani.

Natamani ningekiacha. Sura ya tisa, umeme wa chombo unakwisha. Watoto waliozaliwa safarini wanatetemeka kwa baridi. Redio ya kumwita Selu inakula umeme mwingi. Basi mke wa Selu anamwendea Kapteni, anamwambia amwache apumzike, na wao wapumzike. Kapteni anaizima kwa mkono wake mwenyewe.

Mke! Watu wote wamejaa kwenye kile chombo, lazima awe mke? Nani ataamini kwamba sikuitunga mimi?

Naweza kuiruka sura. Naweza hata kumrudisha Selu. Kirundi changu kinatosha kabisa kumleta mzima, amekonda kidogo, ana hadithi za kusimulia. Mzee haoni. Mama mkwe hajali. Nimezunguka na wazo hilo mpaka nikajichoma na pasi.

Alhamisi, 10 Julai

Nimesoma kama ilivyoandikwa. Sikuongeza, sikupunguza.

Baba mkwe aliinamisha kichwa zaidi. Nikafikiri amesinzia. Kisha akasema, "Hayo ni yako, mukazana." Mukazana ndilo jina langu humu ndani, mke wa mwana.

Nilikwenda jikoni nikalia, tena kwa hasira. Miaka yote hii namtia dawa ya macho, namsomea mpaka sauti inakauka, leo nimekuwa mwongo. Sikula. Mama mkwe aliona, akaniachia viazi vyangu kwenye chungu.

Jumamosi, 12 Julai

Amemwita katekista. Alisingizia ana swali la ubatizo wa mjukuu wa jirani. Katekista alipoketi tu, akawekewa kitabu magotini na kuombwa asome sura ya tisa.

Nilikuwa kwenye cherehani. Niliacha kukanyaga ili nisikie. Katekista alisoma kwa sauti ya somo la kwanza, mstari kwa mstari, akifafanua kwa Kirundi. Alipofika mwisho alikaribia kusema Neno la Bwana. Siku nyingine ningecheka. Mambo yalikuwa yale yale. Mke, Kapteni, redio.

Mzee hakuniomba radhi. Sikutegemea. Alisema tu kwamba mwandishi huyu alisahau mkono wa Dodo, sasa atashindwaje kusahau kwamba Selu yu hai? Katekista akafunga kitabu.

Mama mkwe akaweka ungo chini. "Selu hakuna aliyemzaa," alisema. "Nestori nimemzaa mimi. Na mimi nimechoka kumwita."

Hakupaza sauti hata kidogo. Katekista aliangalia viatu vyake, kisha akaaga.

Jumapili, 13 Julai

Baba mkwe hakwenda kanisani. Hajawahi kukosa, hata alipougua mapafu. Uji ameuacha.

Naogopa. Nimejiuliza siku nzima kama nimemuua mzee wa watu kwa kitabu. Ningemrudisha Selu, angefurahi wiki nzima. Halafu angeanza kumngoja mwanawe kwa nguvu mpya, na uongo ungekuwa wangu. La. Ningesoma vile vile.

Kuna jambo lingine analoliogopa, nalijua ingawa hajalitamka. Nikiachiwa, huenda nitaondoka. Nani atamsomea? Sijui. Anatoli ana nyumba Kasulu na Kasulu si mbali, lakini sijui.

Jumanne, 15 Julai

Mashati mawili. Upepo na vumbi, kitambaa cheupe chote kimechafuka. Hatujasoma. Mzee hajanisemesha.

Alhamisi, 17 Julai

Baridi kali alfajiri. Nilikuwa nafagia uwanja. Baba mkwe alitoka akipapasa ukuta, akamwuliza mama mkwe kama mtama upo wa kutosha. Mama mkwe akasema upo. Wote wawili walielekeza nyuso upande wa barabara.

Kisha baba mkwe akanigeukia. Akaniagiza niloweke mtama wa pombe, halafu nipeleke habari kwa ndugu wa Mabamba.

"Waambie ni kuganduka kwa marehemu Nestori."

Marehemu. Hajawahi kulitamka neno hilo mbele ya jina la mwanawe. Nimelingoja kwa miaka, na nilidhani likija nitashusha pumzi. Nilikaa chini pale pale uwanjani, fagio mkononi, nikamlilia mume wangu. Nestori amekufa. Nilikuwa sijawahi kuliwaza hilo mpaka mwisho, mimi niliyejiona nimechoka kungoja.

Hakuna aliyeninyamazisha. Baba mkwe alisogea, akasimama karibu yangu na fimbo yake mpaka nilipomaliza.

Mtama nimeuloweka kwenye ndoo mbili. Nimezifunika.